Matumbwitumbwi ya Fundi Miwani

Fundi Miwani aliaga kwamba anakwenda kwenye mafunzo ya mashine mpya ya kukatia lenzi, siku kumi na nne, mji wa mbali. Alirudi siku ya tano, saa nne asubuhi, kwa teksi, amevaa koti la mvua lenye kofia ilhali jua linawaka. Mkewe alikuwa uani anaanika mashuka. Alipoliona lile koti likishuka garini kwa mwendo wa mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani, alijua hapa pana neno, na neno lenyewe si la mashine.

Alimfuata mpaka chumbani. Fundi akavua koti. Kichwa kilikuwa kimezungushiwa mkanda mpana wa kubana, umepita chini ya kidevu na kupanda hadi utosini, na katikati ya mkanda huo palikuwa na kitu kilichovimba ambacho mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka thelathini na sita alilazimika kukitambua kuwa ni uso wa mumewe. Macho yalibaki mipasuo miwili. Shingo ilikuwa zambarau mbele na manjano pembeni.

Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyu Sista. Miaka thelathini alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kustaafu hakukumvua jina wala jicho. Alikuwa ameona waliokatwa na mapanga, waliokatwa na mabati na waliokatwa na madaktari, na kila mkato aliujua kwa sura. Kwa hiyo hakupiga kelele. Alimkalisha mumewe kitandani, akalegeza mkanda, akachungulia. Mstari mwembamba wa nyuzi ulianzia kwenye nywele za panja, ukashuka mbele ya sikio, ukalizunguka kwa chini, ukapanda nyuma yake na kupotelea kisogoni. Upande wa pili vilevile, umepimwa kwa rula. Ajali haina adabu kiasi hicho.

"Nani kakufanya hivi?" alimuuliza.

"Daktari," alijibu Fundi, mdomo haufunguki sawasawa. "Nimevutwa ngozi."

Sista alikaa kwenye stuli. Fundi alikuwa na miaka sitini na miwili. Ameshakula chumvi nyingi, ana wajukuu watatu, ana duka la miwani lenye jina lake mlangoni, halafu amekwenda kwa siri kuvutwa uso kama shuka la kitanda cha wageni. Na mashine ya lenzi, iliyosubiriwa miaka mitatu, imekuwa ndiyo hii.

Fundi alijieleza kwa vipande. Mpango ulikuwa akae kwenye nyumba ya wageni ya hiyo kliniki mpaka uvimbe uishe, arudi na uso mpya, watu wakimwuliza aseme hewa ya kule imemkubali. Lakini kulala amekaa hakuwezi. Kijana wa kubadilisha bandeji ana mikono ya fundi magari. Usiku wa nne alianza kuogopa atakufa huko na uso ambao ndugu zake hawataujua. Akaona arudi. Nani mwingine duniani anajua kufunga kidonda kama Sista?

Sista alikitambua hicho kilemba cha ukoka, na hata hivyo kilimkaa vizuri kichwani. Akaenda kunawa mikono.

Alipokuwa akisafisha nyuzi kwa pamba, Fundi aliomba jambo moja tu: asiambiwe mtu. Si dada yake Sista, si wifi yake, si watoto walioko mbali, si jirani. Mtu yeyote.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu Sista alikuwa na ulimi. Wengine hualikwa kwenye shughuli kwa sababu ya undugu au mchango wao. Sista alialikwa ili aongee. Alikuwa anaweza kumwigiza daktari mkuu, mgonjwa wake na mlango wa chumba cha upasuaji, wote watatu kwa pamoja, na watu wakatoka wameshika mbavu. Zilikuwepo hadithi zake ambazo watu waliziomba kwa majina. Iliyoombwa zaidi iliitwa "ile ya hospitali", na dada yake mkubwa alikuwa hawezi kumaliza kikao bila kuidai. Leo mtu wa namna hiyo anawekewa mezani mume aliyekwenda kuvutwa uso, kisha anaambiwa afumbe mdomo. Ni kumpa fisi mfupa na kumwambia autunze.

Alikubali kwa sharti. Fundi aseme amefanya hivi kwa ajili ya nani.

"Si kwa ajili ya mtu," alisema Fundi.

"Basi nitamtafuta mwenyewe. Siku nikimjua naondoka humu ndani, na hadithi naondoka nayo."

Sista hakutania, na wote wawili walijua. Ng'ombe hazeeki maini, na mzee wa miaka sitini na miwili hakatwi kuzunguka masikio ili akapendeze mbele ya wanunuzi wa miwani. Mwanamke yupo mahali. Sista alichokuwa akiuguza pale ni mali ya mtu mwingine.

Aliiuguza vizuri hata hivyo, kwa kuwa kazi mbovu ingemuumbua yeye. Alimpangia mito minne alale ameinua kichwa. Alimfungia barafu kwenye kitambaa, dakika kumi kila shavu. Alimchujia supu, akamnywesha kwa mrija, akimtazama anavyonyonya kama ndama. Kila asubuhi alimsafisha nyuzi, na kila asubuhi alimpa maneno yake. Alimwambia kwamba wodini walikuwa wanapigana ili mtu apone arudi alivyokuwa. Yeye ni wa kwanza kumwona aliyekatwa akiwa mzima ili asirudi. Alimwambia kwamba la kuvunda halina ubani. Alimuuliza kama kule kliniki wanavuta na magoti, maana ya kwake yanalia akipanda ngazi.

Fundi alivumilia. Alikuwa mtu mkimya tangu ujana wake, mtu wa kushika kitu kidogo karibu na macho na kukigeuzageuza. Alisema tu kwamba daktari amemkataza kucheka, nyuzi zisije zikavutika.

"Nani amekwambia nakuchekesha?" alijibu Sista. "Mimi ndiye ninayecheka."

Na miwani je? Mikono ya miwani hukaa juu ya masikio, na masikio ya Fundi yalikuwa yameshonwa pande zote. Bila miwani haoni hata mlango. Siku ya pili nyumbani alitoa bisibisi yake ndogo mfukoni, akafungua skrubu mbili, akang'oa mikono yote ya miwani yake, kisha akaibandika fremu kwenye paji la uso kwa plasta. Akakaa hivyo juu ya mito minne akisoma gazeti, uso umevimba, mkanda kidevuni, lenzi mbili zinaning'inia. Sista alipoingia na supu ilibidi ageuke arudi jikoni. Aliinamia beseni la vyombo akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kilichomuuma ni kwamba alicheka peke yake.

Jirani wa ukuta mmoja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza. Alikuwa ameliona koti. Sista, ambaye hakuwa amejiandaa, alitamka ugonjwa wa kwanza unaovimbisha mashavu uliomjia kichwani: matumbwitumbwi. Jirani akashika kiuno. Matumbwitumbwi, mzee mzima? Sista akasema ndiyo, uzeeni ndiyo huwa mabaya zaidi, tena yanaambukiza vibaya, asiingie mtu. Jioni mtaa wote ulijua kwamba Fundi Miwani ameshikwa na ugonjwa wa watoto.

Ikabaki kazi ya kumtafuta mwanamke. Alianza na simu. Fundi alipolala mchana Sista aliichukua, na namba ya siri haikumsumbua kwa kuwa ilikuwa ileile ya miaka yote. Alipitia majina, ujumbe, na simu zilizoingia. Wauza fremu, wateja, watoto, yeye mwenyewe. Kwenye picha ndipo aliposimama. Zilikuwapo sitini na kitu, zimepigwa kwa muda mrefu, na zote ni za mtu mmoja: Fundi, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, kidevu kimeinuliwa, kidevu kimeshushwa, shavu limevutwa nyuma kwa vidole viwili. Hakuna mwanamke hata mmoja. Sista alijisikia kama ametukanwa. Afadhali lingekuwepo jina la mwanamke. Mwanamke mwenzio unajua pa kumwanzia. Mtu anayejipiga picha mashavu unamwanzia wapi?

Siku iliyofuata alikwenda dukani, akisingizia kuchukua kitabu cha oda. Palikuwa na binti wa kuuza fremu, msichana mrefu mwenye kucha za kijani, ambaye Sista alikuwa amemwekea alama tangu siku ile ya teksi. Alimkuta anapiga miayo. Binti alimpa pole ya mzee, akauliza kama matumbwitumbwi yanaambukiza kwa kupeana kalamu, kisha akaanza kumsimulia habari za mchumba wake ambaye anasoma uhandisi, na akaonyesha picha zake nane. Alimwita Fundi "mzee wetu" kwa sauti ile wanayotumia watu kusema habari za paka wa nyumbani. Sista alimtazama muda mrefu, akamfuta kwenye orodha.

Kabla hajatoka aliona kitu. Kile kioo kirefu cha dukani, ambacho wateja hujitazamia wakijaribu fremu, kilikuwa kimegeuzwa uso wake ukutani. Akauliza. Binti akasema mzee mwenyewe alikigeuza, tangu ile sherehe ya duka kutimiza miaka ishirini. Kesho yake tu walikikuta hivyo, na wateja wakitaka kujitazama wanapewa kile kidogo cha mkononi.

"Ile siku ulivyotuvunja mbavu, mama," binti aliongeza. "Wateja mpaka leo wanaiulizia ile ya hospitali."

Sista alitabasamu, kama mtu yeyote anavyotabasamu akisifiwa kazi yake, akaenda zake. Njiani alikuwa akipanga wanawake wengine: yule mjane wa duka la vitambaa, yule mhasibu mwenye miwani minene anayekuja kubadilisha lenzi kila baada ya miezi mitatu kama anazila.

Siku ya saba tangu kupasuliwa alitoa nyuzi za mbele ya masikio. Alikata moja moja, akavuta kwa koleo, na kwa jicho la kazi alikiri moyoni kwamba aliyeshona anajua kushona. Hakumwambia Fundi. Fundi aliuliza kama panaonekana vizuri. Sista akamjibu kwamba shavu la kushoto linafanana na papai na la kulia linafanana na la kushoto.

"Lakini likishuka?" aliuliza Fundi.

"Likishuka utakuwa mtanashati. Huyo mwanamke wako atafurahi."

Fundi alifumba macho. Mashavu yake yalikuwa na ganzi, hayaonyeshi kitu. Sista alimdharau kwa hilo pia, kwamba hata haya haionekani tena usoni mwake.

Jumapili, siku ya tisa, wageni walikuja kumjulia hali mgonjwa: dada yake mkubwa Sista, wifi yake, ambaye ni dada wa Fundi wa kuzaliwa, na yule jirani. Mchana, saa tisa. Sista aliwakalisha sebuleni, mlango wa chumbani ukabaki wazi kidogo na pazia limeshushwa, akawaonya kwamba maradhi haya hayataki kuchungulia. Wifi akampigia kaka yake kelele kupitia pazia, akimpa pole na kumuuliza yamebaki mashavuni au yameanza kushuka kule yanakoshukiaga wanaume. Jirani akaficha uso kwenye leso. Dada yake akasema kwa umri ule yakishuka hayatakuta mtu nyumbani. Walicheka wote watatu, na Sista akacheka nao huku ukweli ukimwasha ulimini. Ungewaua. Akiutoa sasa hivi, na plasta ya paji la uso, na mrija, wangebebwa kwa machela.

Alijikaza. Na dada yake, kana kwamba anamwokoa, akadai ile ya hospitali, ili na mgonjwa achangamke.

Sista alisimama, kwa kuwa hadithi hiyo haisemwi kwa kukaa. Hata mara moja hakufikiria kuikataa. Ni miaka sita sasa, alisema, alimpeleka mzee kupimwa presha kwenye hospitali ambako yeye hajulikani. Mapokezini palikuwa na binti muuguzi, ametoka chuoni juzi, sare bado ina mikunjo ya dukani. Binti anamtazama Sista, anamtazama Fundi na kadi yake mkononi, anarudi kumtazama Sista. Kisha anasema, na hapa Sista aliitoa ile sauti nyembamba ya asali: "Hongera sana, dada. Watoto wa siku hizi hawaleti wazazi wao hospitali. Baba yako mkalishe pale kwenye benchi, nitamwita."

Wifi alikuwa ameshaanza kutetemeka mabega. Sista aliweka mkono kiunoni, akasubiri, maana utamu wote ulikuwa kwenye kusubiri.

"Nikamwambia, asante, mwanangu. Huyu nimemlea tangu nina miaka ishirini na mbili..."

Akainua macho darini. Hapo palikuwa na pumzi moja ambayo aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda chooni gizani. Na ndani ya pumzi hiyo, kutoka nyuma ya pazia, sauti nzito ya mtu asiyefungua mdomo ikasema:

"...na bado hajakua."

Wifi aliporomoka kwenye kiti. Jirani alilia. Dada yake alipiga mikono kwenye mapaja akasema mgonjwa huyu ameshapona, mgonjwa wa kweli hatanii hivi. Sista alibaki amesimama, mkono kiunoni. Alicheka kidogo ili wasimshtukie. Fundi alikuwa ameyatamka maneno yale palepale yanapopaswa kutamkwa, kwa uchovu uleule anaouweka yeye, na wala hakuwa anatania. Ilikuwa sauti ya mwanafunzi anayemalizia jedwali la kuzidisha alilochapiwa.

Kile kioo cha dukani kikamrudia. Kesho yake, alisema binti. Kesho yake ya sherehe ambayo Sista alisimama kati ya fremu, mbele ya wateja wa miaka ishirini na mwenye duka akiwa pembeni ameshika sahani ya keki, akaisimulia.

Aliwahimiza wageni chai kwa namna ambayo iliwafanya waage. Saa kumi na moja aliingia chumbani. Fundi alikuwa juu ya mito yake, fremu imebandikwa kwenye paji la uso, gazeti limelala mapajani. Sista hakukaa.

"Siku ile," alisema, "yule binti aliposema vile. Wewe ulifanya nini?"

Aliuliza kwa sababu hakujua. Miaka sita ameisimulia, anakumbuka mikunjo ya sare ya yule binti, anakumbuka rangi ya kalamu yake, na katika hadithi yote Fundi alikuwa kadi iliyoshikwa na mkono. Hakuwa na uso.

"Nilikwenda nikakaa pale aliposema," alijibu Fundi.

"Mbona hukuniambia kama ilikuuma?"

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kutia chumvi.

"Ungelisimulia na hilo," alisema.

Ni kweli Sista angelisimulia. Tayari alikuwa akisikia namna ambavyo angelisimulia, na pale ambapo wangecheka. Siku zote hizo alikuwa akimsaka mwanamke aliyemfanya mumewe akakatwe uso, ndani ya simu, dukani, mpaka kwa wajane wa watu, na kikulacho ki nguoni mwako. Alitoka akaenda kukusanya vikombe vya wageni.

Asidhani mtu kwamba alilainika. Aliosha vikombe kwa hasira. Mwanamume mzima, ana ulimi wake, ameshindwa kusema "mke wangu, hadithi hiyo sitaki", neno la pumzi moja, akaona rahisi zaidi apande basi akachanwe kuzunguka masikio. Huo ni ujinga wa kiwango cha juu, na Sista angemwambia mtu yeyote hivyo, ila sasa hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nyuzi za nyuma ya masikio alizitoa siku ya kumi na mbili bila kusema kitu, na Fundi, aliyezoea kusafishwa kwa maneno, alimuuliza mara mbili kama kuna tatizo.

Uvimbe ulishuka. Zambarau ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikaondoka. Fundi hakuwa kijana. Alikuwa mzee yuleyule, amepigwa pasi. Watu mtaani walimwambia ugonjwa umemkondesha vizuri. Alianza tena kunyoa ndevu, kwa uangalifu kwa sababu ya ganzi, akarudisha mikono ya miwani kwa skrubu zake mbili, na akarudi dukani. Binti wa kucha za kijani alipiga simu kusema mzee amekigeuza kioo, sasa kinatazama wateja.

Wiki ya nne Sista alimkalisha dirishani ili akague makovu. Ya mbele yalikuwa yamekauka, hayaonekani mpaka uambiwe. Akakunja sikio la kulia aangalie nyuma yake, na pale, kwenye ngozi ambayo kwa binadamu yeyote huwa laini kama ya mtoto, akakuta vinyweleo vigumu, vyeusi na vyeupe, vimesimama. Alisogeza miwani yake. Akakunja sikio la kushoto. Na huku vilevile.

Ilimchukua muda kidogo kuelewa, kisha akaelewa yote kwa mkupuo. Ngozi ya taya ilikuwa na ndevu. Ngozi ya taya ilivutwa ikapelekwa nyuma ya masikio. Na ndevu, ambazo hazikuulizwa, zilihama nayo. Huyu mtu atakuwa ananyoa nyuma ya masikio mpaka kaburini.

Kicheko kilimpanda kutoka magotini. Katika miaka yake yote ya kusimulia hakuwahi kupewa kitu kama hiki. Hakikuhitaji chumvi. Aliiona hadithi nzima imesimama mbele yake, ina mwanzo, ina mahali pa kuweka mkono kiunoni, ina ile pumzi. Alimwona wifi chini ya kiti. Alimwona dada yake akiomba maji.

"Vipi?" aliuliza Fundi. Masikio yake yalikuwa bado hayasikii mguso, na nyuma yake hakuna kioo kinachomfikisha. "Pana kidonda?"

Sista alikimeza kile kicheko.

"Gundi ya plasta imeganda kidogo," alisema. "Tulia niisafishe."

Akaleta maji ya uvuguvugu, sabuni na wembe mpya. Alinyoa kulia, akanyoa kushoto, taratibu, akivuta ngozi kwa kidole gumba, na moyoni akimwita mjinga kwa kila mpitisho wa wembe. Vinyweleo alivifuta kwa pamba akavizamisha kwenye pipa la jikoni, chini ya maganda. Siku tatu baadaye ile gundi ya plasta ilikuwa imeganda tena.

Mwezi uliofuata, wote walikutana kwa dada yake mkubwa, mjukuu mmoja ametimiza mwaka. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Keki ilipokwisha kukatwa, dada alipiga kijiko kwenye glasi akasema sasa Sista atuongeleshe, na safari hii atoe mpya. Fundi alikuwa upande wa pili wa sebule, miwani imekaa sawa masikioni. Aliinamisha macho kwenye sahani yake.

Sista alikuwa amemnyoa asubuhi ile ile.

"Nimeishiwa," alisema.

Dada hakukubali. Akasema basi atoe ile ya hospitali, wapo wakwe ambao hawajaisikia.

"Hiyo nimeisahau."

Watu walikuwa wameketi tayari kucheka. Dada yake alimwangalia, akawaangalia wageni, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba mdogo wake amezeeka. Na wifi, ambaye hakutaka kikao kipoe, akamnyooshea kidole kaka yake, kisha akamnyooshea Sista, na kusema kwamba kweli, watazameni. Kaka matumbwitumbwi yamemrudisha ujana, sasa wakienda hospitali ni Sista atakayeambiwa amesindikizwa na mwanawe.

Sebule nzima ikalipuka. Ilikuwa nzuri, Sista alijua nzuri akiisikia, na wakati ulikuwa sawasawa. Alisimama katikati ya kicheko na mikono haina pa kwenda. Ng'ambo, mtu mmoja tu hakucheka, na daktari alikuwa ameshamruhusu.

"Njoo ukae hapa, bibi yetu, usije ukaanguka," alisema dada yake, akifuta machozi na kumwonyesha kiti kilicho karibu na mlango.

Sista akaenda akakaa pale alipoonyeshwa.